Tabia Haina Dawa?

Faili lilikuwa limefungwa kwa kipande cha bandeji kwa sababu jalada lake lilishindwa kuzishika karatasi zilizomo. Muuguzi aliliweka mezani kwangu, akainama kidogo ili wagonjwa waliokaa kwenye benchi la nje wasimsikie, akasema, "Dokta, huyu anadeka tu. Utamzoea." Ilikuwa Jumatano, siku ya kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa ambako nilikuwa nimeripoti wiki mbili kabla, na mwenye faili alikuwa mwanamke wa miaka 29, fundi cherehani, aliyeanza kutibiwa sonona akiwa na miaka 21. Nimeyabadilisha mambo kadhaa ya maisha yake ili asitambulike, na mwenyewe ameniruhusu kuandika. Nitamwita Fundi, kama tunavyomwita kliniki.

Nilimwomba anionyeshe dawa anazotumia. Alifungua mkoba, akamwaga mezani bahasha ndogo za dawa, zile ambazo mfamasia huandika juu yake 1x1 au 1x3 kwa kalamu ya bluu. Kulikuwa na fluoksetini na amitriptilini ya usiku, zote mbili za sonona, kabamazepini "ya hasira", haloperidoli nusu kidonge ambayo hakuna aliyekumbuka ilianzia wapi, na diazepamu ya kutuliza. Nilipozilinganisha na faili niliona kwamba kila dawa iliongezwa siku aliyokuja akilia au akigombana na watu wa mapokezi, na kwamba hakuna hata moja iliyowahi kuondolewa siku aliyokuja ametulia. Nikamuuliza ni ipi inayomsaidia kuondoa huzuni. "Dokta," akasema, "mimi sina huzuni. Mimi niko mtupu, kama nyumba iliyohamwa."

Kiswahili kina neno zuri la ugonjwa wake wa kwanza. Kusonona ni kuumia moyoni kimyakimya, na mtu akiambiwa ana sonona hahitaji maelezo marefu. Ugonjwa wa pili ndio unaotutesa kwa jina. Vitabuni tunauita tatizo la haiba, ilhali mtaani haiba ni sifa: bibi harusi ana haiba, shehe ana haiba. Mwambie mgonjwa kwamba haiba yake ina kasoro, naye atazitazama nguo zake. Kwa hiyo wengi wetu tunaangukia kwenye neno tabia, na hapo tunakuwa tumeiharibu kazi kabla hatujaianza, maana kila aliyekulia katika lugha hii anajua kinachofuata: kila ugonjwa una dawa, tabia haina dawa. Mwenye tabia huonywa, hukanywa, mwishowe huachwa. Hakuna anayempeleka hospitali.

Siku hizi ninatumia maelezo marefu kidogo. Ninasema kwamba kila mtu ana namna yake ya kujiona, ya kuwaona wengine na ya kuhimili hisia zinapomjia. Kwamba namna hiyo hujengeka tangu utotoni, kutokana na alivyozaliwa na aliyoyapitia. Na kwamba kwa watu wengine imekuwa kama kiatu kisichowatosha, ambacho kila wakitembea nacho kinawaumiza wao na kuwakanyaga waliosimama jirani. Toleo la 11 la mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, limetusaidia kwa kuyaacha mafungu mengi ya zamani na kutaka tuulize kwanza kama tatizo ni jepesi, la wastani au kali, ndipo tutaje sifa zake. Jina moja la zamani limesalia, lile la haiba ya mpakani, yaani ya hisia zinazogeuka ghafla na hofu kubwa ya kuachwa, ambalo daktari Adolf Stern wa New York aliliandikia mwaka 1938 akiwa na mawazo kwamba wagonjwa hao wako kwenye mpaka wa makundi mawili makubwa ya maradhi ya akili. Mpaka huo wataalamu wameshauacha. Jina limebaki, nami sioni faida ya kulitamka mbele ya mgonjwa kabla hajaelewa lina maana gani.

Fundi alikuwa na yote mawili, sonona na haiba ya mpakani, na ilinichukua wiki sita kuwa na hakika. Nasisitiza wiki sita kwa sababu hapa ndipo madaktari wenye haraka hukosea pande zote mbili. Mtu aliyezama katika sonona hujidharau, huwakwepa watu, hukasirika upesi au huwang'ang'ania wenzake kwa hofu ya kuachwa. Ukimpima haiba siku hiyo, utamwandikia kasoro ambayo huenda ikaondoka pamoja na sonona yenyewe. Na kinyume chake, mtu wa haiba ya mpakani anaweza kukwambia asubuhi kwamba anatamani asingezaliwa, na jioni ukamkuta akicheka harusini, ukajiambia kwamba huyo hana sonona hata kidogo, kumbe chini ya mawimbi hayo kuna mkondo mzito unaoendelea kumvuta. Dodoso la maswali tisa la kupima sonona tunalolitumia kliniki halitofautishi. Linahesabu tu.

Kilichonisaidia ni shangazi yake, mwuza mbogamboga, aliyekuja wiki ya tatu akiwa bado na kanga ya sokoni. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwomba anieleze huyu mtoto alikuwaje kabla ya dawa zote hizi.

"Mwanangu," akasema, "huyu tangu yuko darasa la sita, nikichelewa kurudi sokoni namkuta amekaa kizingitini, hasemi na mtu. Nikimshika ananisukuma. Nikimwacha analia kwamba simpendi. Hayo nimeyazoea. Lakini hili la kuamka saa tisa usiku akakaa anatazama ukuta, cherehani imejaa vumbi, chakula hata pilau haitaki, hili si lake. Hili limeingia tena mwaka jana, baada ya Ramadhani."

Kwa dakika mbili shangazi alikuwa amenitenganishia magonjwa mawili. Lililokuwapo tangu utotoni, lenye kuwaka na kuzimika kufuatana na nani kaja na nani kaondoka, lilikuwa la haiba. Lililoingia kwa tarehe, likaketi kutwa kucha bila kujali nani yupo nyumbani, likala usingizi wa alfajiri, hamu ya chakula na nguvu za mikono, lilikuwa sonona. Tangu siku hiyo huwa simalizi kumpima mgonjwa wa aina hii kabla sijamsikiliza mtu aliyeishi naye, ikiwa mgonjwa ameridhia.

Wanaoonekana na mchanganyiko huu si wachache. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2014 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta kwamba takriban asilimia 45 ya wagonjwa wa sonona waliopimwa walikuwa pia na tatizo fulani la haiba. Wengi wao si wale wa mpakani wanaopigiwa kelele; ni watu wa hofu, wanaojiweka kando wasije wakakataliwa, au wale wanaotaka kila jambo liwe kamili hadi wanashindwa kulimaliza. Hao hatuwaoni kwa sababu hawagombani na mapokezi. Wanakuja, wanasema "afadhali kidogo", wanachukua dawa, wanaondoka, na mwaka unapita bila afadhali yoyote.

Je, sonona ya watu hawa hupona? Suala hili limebishaniwa kwa muda mrefu. Mwaka 2002 Roger Mulder wa New Zealand alizipitia tafiti zilizokuwapo na kuona kwamba zile zilizofanywa kwa uangalifu zaidi, ambamo kila mgonjwa alipata tiba iliyopangwa, hazikuonyesha kwamba haiba inaharibu sana matokeo. Mwaka 2006 Giles Newton-Howes na wenzake wakaunganisha tafiti 34, wakapata kwamba uwezekano wa kutopata nafuu huwa takriban maradufu kwa mwenye tatizo la haiba. Nimezisoma pande zote mbili, na kwa niliyoyaona mimi sidhani zinapingana sana kama inavyosemwa. Katika utafiti mgonjwa hupewa kipimo kamili kwa muda kamili. Katika kliniki zetu, mgonjwa anayegombana hubadilishiwa dawa kabla ya wiki ya nne, hupewa ya kumnyamazisha, hukosa miadi kwa hasira, kisha huandikwa kwamba ana sonona sugu. Sehemu kubwa ya usugu huo, naamini, ni wetu. Fundi katika miaka minane hakuwahi hata mara moja kutumia fluoksetini ya kipimo cha kutosha kwa wiki sita mfululizo. Nililitafuta hilo ukurasa kwa ukurasa na sikulipata.

Kwa hiyo tulianza kwa kupunguza. Haloperidoli iliondoka kwanza, kisha kabamazepini polepole, halafu diazepamu polepole zaidi, kwa maana mtu aliyeizoea hakatishwi ghafla. Diazepamu na ndugu zake zinamtuliza karibu kila mtu kwa jioni moja, lakini kwa wagonjwa wenye hisia za ghafla zinaweza kulegeza breki. Utafiti wa mwaka 1988 wa Rex Cowdry na David Gardner uliliona hilo kwa alprazolamu, mmoja wa ndugu hao. Amitriptilini ilinitia wasiwasi zaidi. Ni dawa ya siku nyingi, rahisi, inapatikana hata kwenye vituo vidogo, na kwa mgonjwa wa sonona pekee inafanya kazi vizuri. Lakini ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo, na kumpa dozi ya mwezi mzima mtu ambaye uamuzi wake wa hatari huja kwa robo saa na kuondoka kwa robo saa ni kumkabidhi kitu ambacho hangekitafuta. Kuna pia kikundi cha Paul Soloff kilichoripoti mwaka 1986 kwamba baadhi ya wagonjwa wa mpakani walizidi kuwa wakali walipopewa amitriptilini. Tulibaki na fluoksetini peke yake, dozi ya wiki moja kila Jumatano, na shangazi akiifunga ndani ya sanduku lake la kanga.

Sikumwahidi Fundi kwamba kidonge kitamrekebisha haiba. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 unasema wazi kwamba dawa zisitumike mahususi kwa haiba ya mpakani, na jaribio kubwa la mwaka 2018 la lamotrijini, dawa ya kifafa inayotumika pia kutuliza hisia, kwa watu 276 halikuonyesha faida yoyote. Kidonge kilikuwa cha sonona. Nilimwambia nitakihukumu kwa usingizi wake, chakula chake na cherehani yake, na kwamba sitakihukumu kwa siku aliyogombana na mchumba. Aliandika maneno hayo matatu nyuma ya kadi ya kliniki: usingizi, chakula, cherehani.

Wiki ya tano alianza kulala hadi alfajiri. Wiki ya saba alishona sare tatu za shule. Nami nikafanya kosa.

Nilikwenda likizo. Nilikuwa nimepanga miezi mingi kabla, nikawaachia wenzangu orodha ya wagonjwa, wala sikuona sababu ya kumtangazia kila mmoja. Fundi alifika Jumatano saa tatu, akakuta mlango umefungwa na daktari mwingine akiwa chumba cha pili. Aliambiwa nimesafiri. Alipouliza nitarudi lini, aliyekuwa mapokezi akasema hajui. Ijumaa usiku alifikishwa hospitali akiwa amejidhuru. Alipona, lakini niliporudi nilimkuta wodini akiwa ameelekea ukutani, na muuguzi wa zamu akanipokea kwa sentensi ambayo nilishaitarajia: "Si nilikwambia? Likizo yako tu, kaamua kukuonyesha."

Niseme ukweli kwamba kwa dakika kadhaa nilikubaliana naye. Nilikuwa na hasira. Nilijiona nimetapeliwa, kana kwamba zile wiki saba zilikuwa mkopo ambao sasa ananidai. Nilikwenda kitandani kwake nikasema kitu ambacho sikupaswa kukisema: kwamba hataki kupona. Hakugeuka. Alisema, akiutazama ukuta, "Ungeniambia tu."

Mwaka 1988 Glyn Lewis na Louis Appleby waliwapelekea madaktari wa akili wa Uingereza maelezo mafupi ya mgonjwa wa sonona, na kwa baadhi yao wakaongeza kwamba zamani aliwahi kuandikiwa tatizo la haiba. Waliosoma nyongeza hiyo walimwona mgonjwa kuwa msumbufu zaidi, asiyestahili huruma sana, mwenye kutaka kuangaliwa tu. Mgonjwa alikuwa yuleyule. Niliusoma utafiti huo nikiwa mwanafunzi na nikawacheka Waingereza. Pale wodini nilikuwa mmoja wao, kwa Kiswahili.

Ubaya unaongezeka kwa sababu kujidhuru hapa kwetu kunagusa sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na ndugu wengi humleta mgonjwa wakiwa wametunga hadithi ya ajali, wakiogopa polisi kuliko kifo. Kenya, Mahakama Kuu ilitangaza Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226 kinakiuka Katiba. Ninaungana na wanaotaka la kwetu liondoke pia, kwa sababu ya kazi tu: siwezi kumtibu mtu ninayemlazimisha anidanganye.

Tiba inayojulikana zaidi kwa watu kama Fundi ni ile ya Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ambaye jaribio lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1991, na ambaye mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa ujanani kwa matatizo ya namna hiyohiyo. Ndani yake mgonjwa hukutana na mtaalamu wake kila wiki, huhudhuria darasa la ujuzi wa kuzihimili hisia, na huweza kupiga simu katikati ya wiki. Msingi wake ni mambo mawili ambayo hayakai pamoja kirahisi: kukubali kwamba maumivu ya mgonjwa yana mantiki, na kumtaka abadilike. Sisi tulikuwa na daktari mmoja, wauguzi wawili na chumba ambacho Ijumaa hugeuka kuwa cha chanjo.

Kilichonipa moyo ni utafiti wa Shelley McMain wa Toronto, uliotolewa mwaka 2009, ambao uliwagawa wagonjwa 180, nusu wapate tiba ya Linehan na nusu wapate uangalizi wa kawaida wa kitabibu uliopangwa vizuri. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa na hayakutofautiana sana. Uangalizi wa kawaida uliopangwa vizuri ni kitu ambacho hospitali ya mkoa inaweza kukimudu, ikitaka. Kwetu ulichukua sura ya mambo ambayo kwa mtu wa nje ni madogo mno. Anayeandika dawa ni mmoja. Miadi ni nusu saa, Jumatano saa tatu, haiongezwi akija analia na haipunguzwi akija ametulia. Akipata mawazo ya kujidhuru, kadi yake ina mpangilio aliouandika mwenyewe: kumwamsha shangazi, kunawa uso kwa maji ya mtungi, kuhesabu vifungo kwenye kopo la vifungo, na ikishindikana kuja idara ya dharura usiku wowote, ambako jina lake lipo kwenye daftari na hakuna atakayemwuliza kwa nini amekuja tena. Na daktari akisafiri, anasema wiki nne kabla.

Muuguzi aliyesema "anadeka" ndiye aliyelipendekeza kopo la vifungo. Tulikuwa tumekaa naye mchana mmoja tukila mihogo ya kuchoma, nikamuuliza mtoto anayedeka anataka nini. Akafikiri, akasema, "Anataka kujua kama bado upo." Sijalichukia tena neno lile tangu siku hiyo, ingawa faili sikuruhusu liandikwe.

John Gunderson na wenzake, waliowafuatilia wagonjwa wa Marekani kwa miaka, walionyesha mwaka 2004 jambo ambalo ningependa kila daktari wa kliniki ya sonona alijue: nafuu ya haiba ya mpakani ilitangulia na kutabiri nafuu ya sonona, na haikuwa hivyo kwa upande wa pili. Hili halina maana kwamba sonona iachwe isubiri. Fundi asingeweza kukumbuka kuhesabu vifungo akiwa hajalala wiki mbili. Lina maana kwamba sonona ikitibiwa peke yake kwa mtu kama huyu, itarudi kwa mlango uleule. Na kuhusu ule msemo wa tabia, utafiti wa Mary Zanarini katika hospitali ya McLean, Massachusetts, uliwafuatilia watu 290. Baada ya miaka 10, asilimia 93 walikuwa wamepitisha angalau miaka miwili bila kutimiza vigezo vya ugonjwa. Ni nusu tu waliokuwa wamerudi pia kwenye kazi na mahusiano ya kuridhisha, kwa hiyo sisemi kwamba mambo ni mepesi.

Fundi bado huwa anagombana. Amebadilisha wachumba wawili, na kila alipoachwa alikaa siku tatu bila kula. Lakini zilikuwa siku tatu, kisha cherehani. Fluoksetini alimaliza kuitumia mwaka jana, baada ya miezi mingi ya usingizi mzuri. Mwezi uliopita nilimwambia kwamba ninakwenda likizo, wiki nne kabla, tarehe zikiwa zimeandikwa kwenye kadi. Aliitazama kadi muda mrefu, akaigeuza, akaangalia upande wa pili kana kwamba kuna tarehe nyingine iliyofichwa huko.

"Tarehe 14 ukirudi, nije saa ngapi?"

"Saa tatu, dada. Kama kawaida."

Tarehe 14 nilifika saa mbili na nusu, nikamkuta yuko benchini peke yake, amenuna, hakunijibu salamu. Mapajani alikuwa na sare ya shule isiyokamilika, na alikuwa akishona vifungo kwa mkono.